Kisicholiwa Hakina Jina

Kilitoka kwenye jiwe siku ambayo mpaka leo sijui ilikuwa siku gani. Katika mji wetu siku hazina adabu. Jumatano huingia kabla ya Jumanne, ikajikalia kitako, na Jumanne ikibisha hodi inaambiwa nafasi hakuna. Ninachokijua ni hiki: nilikuwa nimesimama mbele ya tangi la kioo, kitambaa mkononi, nafuta ukungu wa chumvi, na katika jiwe la kati, lile lenye vitundu kama mkate wa kumimina, kikachomoza kidole. Si kidole cha mtu. Hakikuwa na ukucha wala pingili. Lakini kilikuwa kinaashiria, na kilikuwa kinaniashiria mimi.

"Mkasi!" nikaita. "Njoo umwone mgeni wako."

Mkasi ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, mwanamke mzima wa miaka ishirini na saba. Tangi ni lake. Akaja na unga wa chapati mikononi, akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Bibi, hiki kilikuwepo jana?"

"Jana ipi?"

"Usinianze, Bibi. Nauliza jana."

"Na mimi nauliza ipi. Mimi jana ninazo nyingi."

Akacheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu kidole kile kilifunguka nchani kikawa kama kinywa cha mtoto anayetafuta ziwa, kikageuka huku na huku, hakikupata, kikajifunga. Pampu ya hewa ilikuwa inakoroma peke yake.

Watu wengine huweka saa ukutani wajue wako wapi. Mkasi aliweka bahari sebuleni. Alirudi kwangu baada ya mchumba wake wa pili kufa, na tangi akaja nalo kifuani, halina maji, ndani yake mawe matatu yamefungwa kanga mbichi. Mchumba wa kwanza alitoka asubuhi moja kununua msumari, hakurudi. Wa pili alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiliezeka kwa ajili ya harusi. Mimi nilimwambia, mwanangu, hayo ni mambo ya msumari na mambo ya paa. Lakini mji wetu haupendi mambo ya misumari. Mji wetu unapenda mambo ya watu. Wakaanza kupunguza salamu. Leo anasalimiwa kwa kichwa, kesho kwa jicho, keshokutwa mtu anapita anahesabu vigae vya nyumba ya jirani. Mkasi akajaza tangi, akatia samaki watatu: wawili wa manjano, mmoja mweusi mwenye mkanda mweupe. Hao walikuwa wakimjia mbio kila akipita. Basi, mtu akisalimiwa na samaki naye ni mtu.

Tangu kidole kile kitoke sikukaa. Nikikaa, miguu inainuka. Naenda jikoni, narudi. Naenda uani, narudi. Kitu gani hiki? Na kwa nini kutokukijua kunaniwasha kama upupu? Vitu vingapi sivijui nami nalala! Sijui mwezi unashikiliwa na nini. Sijui mume wangu marehemu alikuwa akifikiri nini alipokuwa akitazama dari. Lakini kisichojulikana kikiwa nje ni dunia. Kikiwa sebuleni ni kesi.

Maana ipo sheria. Katika mji wetu kila kilicho hai ndani ya nyumba lazima kiwe na jina, na jina linatolewa na Bwana Shaame, Mtoa-Majina, anayetembea na Kitabu kwapani. Kitabu kina safu tatu tu: kiliwacho, kiuzwacho, na mla-wenzake. Kila nyumba ina mstari mmoja kwa mwaka, na kitu na mwenye kitu huandikwa katika mstari huohuo. Kikiwa kiliwacho, heri. Kiuzwacho, heri zaidi. Kikiwa mla-wenzake, kitu humwagiwa maji ya moto, na mwenyewe hunyang'anywa jina na salamu. Haitwi tena. Haambiwi hujambo wala kwaheri. Anaishi, anakula, anapita barabarani, lakini ni kama upepo wenye miguu. Na maji hayo ya moto huchemshwa na wenye nyumba wenyewe, kama ya chai.

Asubuhi moja samaki wa manjano wakawa mmoja. Asubuhi nyingine, sikosei nikisema ilikuwa kabla ya ile ya kwanza, hakukuwa na wa manjano hata mmoja. Kwenye kinywa cha kile kitu palikuwa na pezi dogo, limebanwa, linapepea.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Time, jirani wa ukuta kwa ukuta. Huyu hana haja ya dirisha, husikia kwa mfupa. Aliingia na sahani ya visheti iliyofunikwa, ili ionekane amekuja kwa visheti.

"Hodi hodi, mashoga! Nasikia mna mgeni."

"Karibu, Bi Time. Umesikia wapi?"

"Aa, mimi! Nilikuwa nimekaa zangu tu." Akaenda moja kwa moja kwenye kioo. "Hee! Hiki? Mbona kama ulimi wa mbuzi?"

"Si ulimi," Mkasi akasema.

"Mimi nasema kama, mwanangu, sisemi ni. Na wale wa manjano wako wapi?"

Bi Time akachukua kisheti chake mwenyewe, akakitafuna taratibu, macho kwenye lile pezi. Nikaona jina likipanda kooni mwake, nikaona akilimeza pamoja na kisheti, nikajua halitakaa tumboni muda mrefu.

Tukamwita Faki muuza samaki, anayejua kila kitu chenye magamba na chenye mnyiri kama wa pweza. Alikuja na harufu yake, akatazama, akazunguka, akachuchumaa, akainuka.

"Bi Mkubwa, hiki hakinunuliwi na mtu."

"Sikukuuliza kinanunuliwa na nani. Nimekuuliza ni nini."

"Ndiyo nakujibu. Hakinunuliwi. Basi mimi nitakijulia wapi?"

Alipoondoka maneno yake yalibaki yananizunguka kama nzi. Atakijulia wapi? Kumbe anajua samaki kwa upande wa mezani. Na mimi je, najua watu kwa upande gani? Nikamtazama Mkasi, anafagia unga uliokwisha kufagiwa. Bwana Shaame akija kwa kalamu yake, hataandika kitu peke yake. Ataandika kitu na Mkasi, mstari mmoja. Wachumba wawili, samaki wawili. Hesabu hiyo hata kuku anaiweza.

Naye akaja. Mrefu, mwembamba, kanzu imenyooka kama ukuta. Hakukaa.

"Bi Mkubwa, kuna kitu humu hakina jina."

"Kipo, Bwana Shaame."

"Mnakiita nini?"

"Tunakiita hicho."

"Hicho si jina." Akafungua Kitabu, akakifunga. "Nawapa mpaka bahari ijae na kupwa mara saba. Mniambie ni nini. Mkishindwa, nitawaambia mimi. Na siku hiyo nikute maji yanachemka."

Mara saba. Nilizihesabu. Tangu tangi lijazwe nilikuwa nikienda pwani kila siku ya pili kuteka ndoo, maana maji ya tangi hupungua. Jua la dirishani huyanywa. Mama yangu alinifunza kwamba bahari haitiwi maji ya kisima. Ni tusi, alisema, ni kama kumpa mkubwa mkono wa kushoto. Basi mimi kila tangi likipungua nililijaza kwa maji ya bahari, kwa heshima, ndoo kichwani, kilima chote kile. Hata Bi Time alinisifu: angalau bibi wa watu ana adabu.

Kile kitu kilizidi kusinyaa. Kilikuwa kidole, kikawa kifundo, kikawa kama tende iliyosahauliwa. Na kadiri kilivyosinyaa kila mtu alikiona anavyotaka. Waliopita dirishani wakatoa majina. Ini. Ulimi. Jicho la marehemu. Mmoja akasema ni moyo wa yule wa msumari. Kila jina lilipotajwa nilikitazama tena na kweli nikakiona hivyo, ini, ulimi, jicho. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa majina. Niliona kwamba jina haliji kumkuta mtu aliko. Jina linamkata mtu vipande mpaka aenee ndani yake.

Siku ya maji ya sita nikamwambia Mkasi, "Ngoja."

"Ningoje nini, Bibi? Tukitupe. Tukitoe jiwe zima, tukalitupe mbali, aje asikute kitu."

"Ukilitupa atauliza ulichokuwa unaficha."

"Basi nichemshe maji mwenyewe leo! Nikimwagie mwenyewe! Angalau niwe mimi niliyefanya." Alikuwa analia bila machozi, uso mkavu kama bati. "Unafikiri mimi sikijui? Kila nikikitazama najiona mimi. Kinakula kila kinachokisogelea."

"Nyamaza. Jicho ni mwongo. Tuuulize mkono."

Nikakunja mkono wa gauni, nikautia ndani mpaka begani.

Na mkono ulipoingia majini nikawa na miaka tisa. Sisemi nilikumbuka. Nilikuwa. Maji ya bamvua yamekupwa, mwamba uko wazi mpaka mbali, akina mama wameinama, vikapu ubavuni, wanachokoa pweza. Mama yangu haangalii mashimo. Anatazama juu, anazungumza na mwenzake habari za ndoa ya mtu, na mkono wake uko chini peke yake unasoma. Huu pweza. Hili kombe. Huyu tondo. Na mimi mkono wangu umeingia kwenye ufa, umegusa kitu laini kinachonata, kinachonishika kidole kama mtoto anyonyaye, wala hakiumi. Nikamwambia, Mama, hiki nini? Akatia mkono wake juu ya wangu, akapapasa, akautoa.

"Hicho? Hakiliwi."

"Kinaitwaje?"

"Si nimekwambia hakiliwi? Twende."

Tukakiruka. Mwamba mzima ulikuwa umejaa vitu hivyo, vya rangi zisizohesabika, na akina mama arobaini wenye majina elfu ya bahari hawakuwa na jina hata moja la kuviitia, kwa sababu haviingii chunguni. Nilisimama pale, na sebuleni, pote pawili, mkono mmoja majini. Kumbe hivi ndivyo. Jina ni mlango wa chungu. Tunaita ili tupike. Ninyi mnaonisikiliza, mliitwa na nani, na chungu chake kiko wapi? Mimi niliitwa mke, nikapikwa. Nikaitwa mjane, nikapikwa tena, mara hii kwa moto mdogo.

Nikautoa mkono. Maji yakakauka juu ya ngozi yakaacha weupe. Si weupe wa kawaida. Mkono mzima kama umepakwa unga. Nikaulamba.

Nikatema.

Hiyo haikuwa bahari. Mimi nimeinywa bahari tangu sijui kusema, kwa kuzama na kwa kulia. Ladha yake naijua kama ya mate yangu. Hii ilikuwa kali, chungu, chumvi juu ya chumvi. Nikaenda kwenye ndoo niliyoiteka asubuhi, nikaonja. Bahari. Nikarudi kwenye tangi. Sumu. Nikasimama katikati ya sebule, ndoo huku, tangi kule.

Jua hunywa maji. Chumvi haliitaki, huiacha. Na mimi, kila siku ya pili, kwa adabu, ndoo kichwani, nikaleta chumvi nyingine nikaimimina juu ya ile iliyobaki. Bahari yenyewe si hutiwa maji matamu? Mvua je? Mito je? Mama hakuyaona? Wale wa manjano hawakuliwa. Walikufa kwa chumvi yangu, wakazama, na kile kitu kilichokuwa kikisinyaa kwa chumvi hiyohiyo kikapokea kilichokidondokea. Nani alinifunza kwamba kinachopungua hujazwa na kilekile kilichobaki? Mkasi alipungukiwa na watu, na mji ukamjazia nini? Upweke juu ya upweke. Halafu wakaonja, wakasema, mchungu huyu.

Nikamwambia Mkasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, ufagio mkononi.

"Usiseme," akasema. "Bibi, usimwambie mtu. Watakuandika wewe."

"Mstari ni mmoja."

"Najua mstari ni mmoja! Mimi nimeshazoea. Wewe umri huu utaanza kutosalimiwa?"

"Na wewe umri huo?"

Akautupa ufagio, akaingia chumbani. Mimi nikateka maji ya kisima kwa kikombe, nikamimina kikombe kimoja tu. Ukimpa chakula kingi mwenye njaa unamuua. Nikangoja. Nikamimina cha pili. Kutulia ni kazi. Miguu ilikuwa inataka kukimbia, nikaiambia simama.

Maji ya saba yakapwa. Bwana Shaame akaingia na Kitabu, Bi Time nyuma yake, na mlangoni vichwa vya mtaa mzima vimepangana kama mafenesi. Jikoni sufuria ilikuwa inachemka. Mkasi aliiinjika mwenyewe, mvuke unafika mpaka sebuleni.

"Haya," Bwana Shaame akasema. "Ni nini hiki?"

"Kisicholiwa."

"Safu hiyo haipo."

"Najua haipo."

"Basi samaki walikuwa watatu, yupo mmoja." Akachovya kalamu. "Kuna mla-wenzake ndani ya nyumba hii. Hilo mnalikataa?"

"Silikatai. Yupo."

Nyuma yake Bi Time akavuta pumzi kama mtu aonjaye mchuzi.

"Nani?"

"Mimi."

Vichwa mlangoni vikayumba. Bwana Shaame akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kuingia nyumba hii.

"Bi Mkubwa, usinifanyie mzaha. Uliwala kwa kinywa?"

"Kwa ndoo. Tia kidole chako uonje."

"Mimi sionji. Mimi naandika."

"Leo onja, mwanangu. Unaandika utamu na uchungu wa watu miaka yote hii, hujawahi kuonja?"

Sijui ni lile neno mwanangu, au ni macho ya watu. Alitia kidole, akakipeleka mdomoni, uso wake ulionyooka ukakunjamana kama karatasi. Alikohoa. Na hayo yalikuwa maji niliyoyapunguza makali tangu jana yake.

"Hii ni chumvi yangu," nikasema. "Niliileta ndoo baada ya ndoo. Nilidhani ni heshima. Mkasi hakutia hata tone; uliza mtaa, walikuwa wakimwona nani na ndoo? Bi Time, sema. Si ulinisifu?"

Bi Time akatafuta pa kutazama, pakakosekana. "Ndiye aliyekuwa akibeba," akasema. "Wallahi, ni yeye."

Mkasi akatoka jikoni mbio. "Mwongo! Bibi anasema uongo, tangi ni langu, niandike mimi!" Lakini Bwana Shaame alikuwa ameshainama. Ulimi bado unamwasha, na mtu anayewashwa ulimi huandika haraka. Aliandika jina langu katika safu ya tatu. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, huzifuata herufi kwa midomo, nikazifuata. Kila herufi ilipokauka, ikanitoka. Ya kwanza ilikwenda, ya pili ikaifuata, na alipoweka nukta nilikuwa nimesimama sebuleni kwangu nikijua kila kitu, umri wangu, mama yangu, bei ya mchele, isipokuwa nilikuwa nikiitwa nani. Ndiyo maana siwezi kukutajia.

"Na hiki?" mtu akauliza mlangoni, anaonyesha tangi.

Bwana Shaame akatazama mstari. Ulikuwa umejaa. "Mwakani," akasema, akafunga Kitabu, akapita kando yangu bila kuaga, kama sheria inavyotaka. Maji ya sufuria Mkasi akayafanyia chai. Tulikunywa wawili. Majani yakatua chini ya kikombe.

"Hukuniuliza," akasema mwishowe. "Umenipa kitu sikukuomba."

"Hukuniomba."

"Sasa nikifanyie nini?"

"Sijui. Ni chako."

Nimekuwa nikitia maji matamu tangu hapo, kikombe asubuhi, kikombe adhuhuri. Kile kitu kimefunguka. Si kidole, wala si kinywa. Kimekuwa kama sahani iliyojaa nyuzi za rangi ya ute wa yai, ncha za zambarau, zote zinakwenda na kurudi bila upepo, na yule samaki mweusi huingia katikati yake akajilaza, wala haliwi. Mkasi hukitazama kwa muda mrefu. Mimi sina utulivu bado. Kutokuwa na jina ni kama kutembea bila viatu juu ya sakafu unayoijua: hakuna kinachochoma, lakini unasikia kila punje. Jana nilipita sokoni watu wakanigawanyikia kama moshi. Niliogopa. Kisha nikaona aibu ya kuogopa, kwa sababu mtoto wangu ameishi hivyo miaka mitatu.

Leo asubuhi, kama ni leo, mlango umesukumwa. Bi Time. Sahani nyingine, imefunikwa, na uso umepakwa tabasamu kama samli. Macho yake yaliniruka yakatua kwa mjukuu wangu aliyekuwa anasuka ukili kwenye mkeka.

"Hujambo, Mkasi mwanangu?"

Miaka mitatu. Miaka mitatu mtoto huyu hajaitwa kwa jina lake na mtu mwenye ukuta mmoja naye. Nilikiona kidevu chake kikitikisika. Niliuona mdomo ukijitengeneza kwa sijambo. Mimi nilikuwa mbele ya tangi, kikombe mkononi, na moyo wangu wote ulikuwa unamsukuma: itikia, mwanangu, itikia, salamu ndiyo niliyokununulia.

Mkasi akaendelea kusuka.

Salamu ile ikabaki mlangoni. Mimi katika maisha yangu sijapata kuona salamu ikiachwa hivyo. Hata maadui huitikia, kwa puani. Bi Time akacheka kicheko kidogo. "Mkasi? Nasema hujambo?"

"Nyumba hii tuko wawili, Bi Time," Mkasi akasema bila kuinua kichwa. "Anza kwa mkubwa."

Sahani ikatikisika, kifuniko kikagonga. Bi Time akageuka, akanitazama usoni, mimi hasa, akafungua mdomo. Akaufunga, akaufungua tena, guu moja ndani, guu moja nje, shingo imemsimama, akitafuta aniite nani.

Nikamimina maji taratibu. Sikumsaidia.